Komeo la Penseli

Chumba cha mashine,
Uani kwetu,
Jumatatu, asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hii nikiwa nimekaa juu ya robota la turubai, peku, huku nacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa hiyo ipokee na kicheko chake. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la kokoto kimepoa, au bado unakiita mafua ili usiende kwa daktari? Na yule mpishi wenu wa kambini, ameshajifunza kupika wali bila kuuchoma, au bado mnakula ukoko na kumshukuru? Nisalimie wote, hata yule msimamizi wenu anayekoroma.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, tena ana sauti kuliko ulivyomwacha. Baba hajambo, na habari zake ndizo hasa zilizonishikisha kalamu. Mimi sijambo, ila kidole gumba changu kimetobolewa na sindano ya turubai na sasa natia uzi kwa meno. Kuku wanataga. Paa la jikoni linavuja palepale.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kaka, unaijua simu ya nyumba hii. Tangu Baba akatazwe kusema, Mama huiweka spika ili naye asikie, na Mama akiiweka spika wanasikia mpaka majirani wa nyumba ya tatu. Mimi nina neno ambalo halipiti kwenye spika. Ndiyo maana nimempa barua hii yule dereva wa lori la saruji anayekuja kwenu. Nilimshonea turubai lake bure, naye ameapa utaipata kabla ya Jumapili. Isome ukiwa umekaa. Usiisome juu ya lile daraja lenu ambalo halijawekwa kingo.

Kwanza, kifurushi. Humo ndani mna kidaftari cha mfukoni na penseli yake. Ulilalamika kwamba kila ukipima nguzo unapoteza penseli, na kwamba wenzako walipoona picha ya kidaftari cha Baba kila mmoja alikitaka. Ukaniuliza kinatengenezwaje. Kaka, siwezi kukueleza kinatengenezwaje bila kukueleza kilikotoka, maana nyumba hii imeteseka mpaka kikapatikana.

Wewe uliondoka wiki ileile Baba alipotoka hospitali, kwa hiyo uliuona mwanzo tu. Unakumbuka daktari alivyosema alipokwisha kumtoa vile vinundu kooni: asiseme, asinong'one, asigune hata akijikwaa, mpaka yeye mwenyewe amfungulie. Akamwambia hivyo Baba! Mnadi ambaye soko zima linamwita Ngurumo, ambaye aliwahi kumuuzia kabati mtu aliyekuja mnadani kuuza kabati. Wewe ukatoka mbio, ukamnunulia kidaftari na penseli, ukamtia mfukoni mwa shati, ukapanda gari ukaenda zako ukidhani umemaliza. Ndugu yangu, ulimpa mtu ulimi lakini hukumpa kinywa cha kuuwekea.

Penseli ile haikukaa siku nzima. Alikuwa nayo mezani, akaenda nayo chooni, akarudi hana. Tukamnunulia nyingine, akaiketia. Akaanza kuiweka sikioni kama seremala, lakini maseremala hawacheki wakiinama, na Baba hacheki bila kuinama. Tukampa kalamu ya wino yenye kishikizo. Ikavujia kwenye shati lake jeupe, doa kubwa juu ya moyo, na Mama akasema kwamba kwa kweli mume wake sasa ana moyo mweusi mbele ya mashahidi. Baba alikuwa na jibu la hilo. Ungeiona sura yake! Jibu lilikuwa limejaa mdomoni, mkono unapapasa mifukoni, kalamu imekufa, penseli haipo. Alipoipata, Mama alikuwa ameshakwenda kufua.

Hapo ndipo nilipoelewa shida yenyewe. Baadaye aliniandikia kwamba utani ni kama chai, ukipoa haunyweki. Mtu wa kawaida akichelewa kuipata penseli anachelewa kuandika namba ya simu. Baba akichelewa, anakuwa ameshindwa. Maisha yake yote yamekuwa ya kudaka neno likiwa bado hewani, na sasa kila neno lake lilikuwa linafika mkutano ukiwa umeshavunjika.

Nikajitia ufundi. Nikafunga kidaftari kwa mpira, ule wa kufungia noti, nikachomeka penseli chini yake. Ukiuvuta upesi unaruka. Uliruka ukampiga daktari kwenye miwani, siku ya kwenda kukaguliwa mshono. Nikagandisha kibanio cha nguo kwenye jalada, penseli ikawa inabanwa vizuri kabisa. Mama akakiona kibanio, na Mama akiona kibanio haoni kitu kingine. Tulikikuta kidaftari cha Baba kimening'inia kwenye kamba kati ya shuka na soksi. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivisha jalada zima kama mkanda. Hicho kilishika! Kilishika hata kupita kiasi, maana kuitoa penseli kulitaka mikono miwili na meno. Mama alikipenda sana kifaa hicho. Aliniambia nisihangaike kutafuta kingine, kwamba hiki Mungu mwenyewe ameniongoza. Kila akitaka kusema jambo la paa la jikoni alingoja Baba aanze kung'ang'ana na tyubu, akalisema lote mpaka mwisho, akamaliza na nukta, akaondoka. Miaka yote ya ndoa, alisema, alikuwa hajawahi kufika kwenye nukta.

Nilicheka, lakini neno hilo lilinikaa. Wewe na mimi tumekua tukidhani Mama ni mtu wa kimya. Kumbe hakuna mtu anayesikia manyunyu ngurumo ikilia.

Basi nikatupa tyubu, nikamfunga Baba penseli kwa kamba shingoni. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yetu ilikuwa ya mwenyeji, tena shingoni. Ikachovya supu, ikanasa kwenye kitasa cha mlango, lakini angalau haikupotea. Na ni kwa kamba hiyo ndipo lilipotokea lile la kiti cha kinyozi, ambalo kwenye simu tulikwambia tu kwamba Baba amenunua kiti. Hakununua, Kaka. Alinunulishwa.

Alikuwa hawezi kukaa nyumbani Jumamosi. Akamchukua Mama wakaenda kwenye ghala la mnada, kutazama tu, wakasimama nyuma. Mwenye mnada alikuwa amemweka jukwaani yule kijana anayeitwa Redio. Sauti anayo, bei hana. Debe tupu haliachi kuvuma. Kikaja kiti cha kinyozi, kizito, cha kuzunguka, ngozi nzima, na Redio akaanza kukiuza kama anayeomba radhi. Baba hakuvumilia. Akainua penseli amwandikie Mama atazame mali inavyouawa. Redio akamnyooshea kidole: dau limepokelewa, mzee wa nyuma! Baba akapunga penseli kukataa. Dau limepanda! Akapunga kwa nguvu zaidi. Limepanda tena! Mtu aliyenadi tangu ujana wake, Kaka, alisimama pale akishindana na nafsi yake mwenyewe kwa penseli, akajishinda, nyundo ikagonga. Ghala zima lilikuwa limekaa chini kwa kicheko. Mama naye alikuwa amekaa chini.

Kiti kilikuja nyumbani kwa mkokoteni. Kipo sebuleni, kinazunguka vizuri.

Lakini Baba hakucheka. Siku ile mwenye mnada alimfuata mlangoni, akamweleza kwa upole kwamba nafasi yake ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo jukwaa litakuwa la Redio moja kwa moja, maana biashara haiwezi kuendeshwa kwa kimya. Baba akarudi, akavua ile kamba shingoni, akakiweka kidaftari juu ya meza, akaketi kwenye kiti cha kinyozi akageukia ukuta. Hakuandika neno siku hiyo wala ya pili yake. Nilikwambia kwenye simu kwamba amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa amekata tamaa, na mimi sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kimya, maana kimya cha kwanza kilikuwa cha daktari, lakini hiki kilikuwa chake mwenyewe.

Nilikimbilia kazini kwangu kwa sababu sikuwa na pengine pa kukimbilia. Nilikuwa nashona pazia la nyuma la lori. Unajua yanavyofungwa: upande huu una vitanzi, upande ule una vitanzi, ukiyakutanisha vinapishana, unapitisha chuma kimoja katikati, basi limefungwa. Nikasimama na sindano mkononi. Chuma kile kilikuwa penseli.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wenzako wanapopataka. Kata vipande vya turubai vya upana wa kidole. Vikunje viwe vitanzi. Viwili vigandishe na kuvishona ndani ya jalada la mbele, kimoja juu kimoja chini, vitokeze ukingoni kidogo tu. Kimoja kiweke kwenye jalada la nyuma, katikati, na hicho kiwe cha lastiki ili kishike penseli nene na nyembamba. Ya Baba niliichomoa kiunoni mwa sketi ya zamani ya Mama, naye hajui, usimwambie. Shona kwa uzi uliopakwa nta. Ukikifunga kidaftari, vitanzi vitatu vinapangana kama bawaba ya mlango, na penseli inapita katikati yao. Penseli yenyewe ndiyo komeo. Huwezi kukifungua kidaftari bila kuwa nayo mkononi tayari, na huwezi kukifunga bila kuirudisha. Ncha nimeivisha kifuniko cha kalamu iliyokwisha, isikuchome paja.

Nikampelekea. Akakigeuzageuza kwa dharau, unamjua. Akavuta penseli: kidaftari kikafunguka chenyewe. Akafunga, akavuta tena. Akafanya hivyo mara nyingi kama mtoto na swichi ya taa. Mama akapita na ndoo, akasema kwa sauti kwamba wengine humu wamepewa vitu vya kuchezea na paa linavuja. Kabla ndoo haijagusa sakafu, Baba alikuwa ameshamwinulia ukurasa. Alikuwa ameandika kwamba paa halivuji, ni jiko tu linalooga. Mama alisoma, akataka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka maji yakamwagika. Na Baba akazunguka kwenye kiti chake mzunguko mzima, mabega yanamtikisika, bila sauti. Nilirudi chumba cha mashine nikalia kidogo, kwa furaha, nisikufiche.

Tangu siku hiyo wakawa hawashikiki. Baba anaandika, Mama anasoma kwa sauti na kujibu palepale. Jioni moja Baba akaandika sifa za sufuria letu lililotoboka, kama vile analinadi, na Mama akazisoma kwa kuigiza: mabibi na mabwana, sufuria hili halijawahi kuunguza chakula, ni mpishi tu! Akapiga meza kwa mwiko: mara ya kwanza, mara ya pili! Mimi nikajikuta nimelinunua. Baba aliacha kucheka, akamtazama Mama kwa muda mrefu. Kisha akavuta penseli.

Kesho yake walikuwa mbele ya mwenye mnada. Baba ataandika, mkewe atasoma. Mwenye mnada alikubali kwa kuwajaribu, nadhani kwa huruma zaidi kuliko imani. Jumamosi ya kwanza Mama alipanda jukwaani. Kitu cha kwanza kilikuwa pasi. Alisoma alichoandikiwa kama mtoto anayesoma ubaoni. Lakini watu walicheka panapochekesha, na pasi ikaenda kwa bei nzuri. Cha pili sauti ikapanda, na cha tatu akaanza kuwatazama watu usoni.

Ikaja Jumamosi ya kitanda. Baba yuko katikati ya kuandika, ncha ya penseli ikakatika. Ghala limejaa, watu wamekodoa macho, mzee anapapasa kichongeo, na Mama kasimama jukwaani na ukurasa wenye nusu ya sentensi. Nilifumba macho. Nikamsikia anaendelea. Hakuwa anasoma, Kaka. Aliwaambia kwamba kitanda hiki ni imara kwa sababu amekikalia mwenyewe pale nyuma akimngoja mume wake amalize kuandika, na wanaomjua mume wake wanajua huko ni kungoja kwa namna gani. Watu wakaanguka. Madau yakaja kutoka pande zote, naye akayadaka moja moja, bila haraka, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kuulizia chumvi. Kitanda kiliuzwa kwa bei ambayo Baba hajawahi kuipata. Nilimgeukia Baba nione amekasirika. Alikuwa ameacha kuchonga, penseli iko mkono huu, kichongeo mkono ule, mdomo wazi.

Sokoni wameshampa jina. Wanasema ngurumo imenyamaza na mvua imeanza, kwa hiyo Mama anaitwa Mvua. Anajifanya halipendi.

Haya yote unayajua nusunusu kwa simu. Sasa nakuja kwenye usiyoyajua.

Majuma kadhaa yaliyopita Baba alikwenda kwa daktari peke yake, akarudi na kuandika kwamba daktari amesema bado tusubiri. Tukasikitika, tukaendelea. Asubuhi moja Mama yuko dukani, mimi nakata turubai, nikasikia mwanamume anaongea na kuku wetu. Sauti ngeni, ya mikwaruzo, kama mlango usiotiwa mafuta. Nikajua mwizi. Nikatoka na mkasi mkubwa. Uani hapakuwa na mwizi. Palikuwa na Baba amechuchumaa, kamwinua jogoo, anamnadi kwa kuku wengine: mara ya kwanza, mara ya pili! Akaniona. Tukatazamana. Akaniita kwa lile jina langu la utotoni, lile ambalo wewe nilikukataza kulitumia, na mkasi ukaanguka wenyewe. Sikumbuki nilivyofika shingoni mwake. Nilimlowesha shati lote, na jogoo alikuwa katikati yetu.

Daktari alikuwa ameshamfungulia, Kaka. Baba aliniomba nisiseme. Alinieleza, kwa sauti ile mpya anayoitumia kwa uangalifu, kwamba siku atakayosikika akisema, mwenye mnada atamwita jukwaani siku hiyohiyo, kwa sababu nafasi ni yake na Mama anamshikia tu. Mama hatabisha. Atashuka zile ngazi, atakunja mikono, atarudi kwenye paa la jikoni. Alisema aliishi na yule mwanamke miaka yote ile bila kumsikia, na ilibidi akatwe koo ndipo asikie. Yuko tayari kuwa bubu mpaka kufa, alisema. Baba ni mtu wa kutia chumvi, lakini alikuwa na machozi.

Nikafunga mdomo. Kumbe mambo hayajaisha. Wiki ile Mama naye akanijia chumba cha mashine, akafunga mlango, akakaa kwenye robota, akaniambia kwamba Baba anasema. Nikajifanya nimeshtuka. Anasema usingizini, akaniambia, na amekuwa akisema hata kabla ya siku ya daktari. Anauza vitu vya ajabu, juzi aliuza daraja. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia. Akasema kwamba miaka yote Baba alimaliza maneno yake mnadani, nyumbani akaleta makombo. Tangu apewe penseli, akiba yake ya maneno imekuwa ndogo na anampa yeye. Akatoa kifuani karatasi iliyochanwa kidaftarini. Sikuombwa kuisoma lakini niliisoma: Leo ulikuwa mzuri sana ulipokuwa unauza friji. Akaikunja akairudisha mahali pake. Alisema siku Baba atakaposema, penseli itatupwa, na yeye hajui nani tena atamwandikia mwanamke wa umri wake.

Basi mimi nikabaki katikati, nimebeba siri mbili zinazotazamana. Baba anaficha ili Mama asipoteze jukwaa, Mama anaficha ili asipoteze penseli, na wote wawili wanakuja kwangu kupumua. Siku hizo nilishona pindo za turubai upande usio wake.

Mpaka juzi Jumamosi. Kulikuwa na mali ya duka la vifaa vya shule lililofungwa: madawati madogo, ramani, chaki. Mwisho kabisa likaja sanduku la penseli, jipya, halijafunguliwa. Mama akaliinua. Akalinadi vizuri, lakini Jumamosi ilikuwa imechoka na watu walishaanza kusogea mlangoni. Dau la kwanza lilitoka kwa Redio, dogo la aibu. Mama akauliza nani zaidi. Kimya. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nyundo iko juu.

Hapo nyuma ya ghala ikasikika sauti ya mlango usiotiwa mafuta, ikitaja dau.

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Baba alikuwa amesimama, penseli kaiinua juu kama siku ile ya kiti, na safari hii alikuwa anamaanisha. Mimi nilimtazama Mama. Nyundo ilikuwa bado hewani. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chumvi, kama kuna wa kumzidi yule mzee mwenye penseli. Hakuna. Basi mara ya tatu. Akagonga. Imekwenda!

Hapo ghala lililipuka. Watu wanapiga makofi, wanarusha kofia, Redio mwenyewe anapiga mluzi. Mwenye mnada akaja mbio anamvuta Baba mkono, Ngurumo amerudi, panda mzee, jukwaa lako hilo! Baba hakumjibu kwa mdomo. Alivuta penseli, kidaftari kikafunguka, akaandika, akampa. Mwenye mnada akasoma kwa sauti bila kujua anasoma nini. Iliandikwa kwamba yeye amekuja kama mteja, kwamba jukwaa lile lina mwenyewe, na kwamba kama kuna kazi ya mwandishi wa sifa za bidhaa angependa kuiomba. Na chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba sanduku lile la penseli si la kuuza tena kwa mtu yeyote, ni la kumwandikia mkewe mpaka zitakapokwisha.

Mama alisikia yote. Alijifuta uso kwa kiganja, akagonga nyundo tena, akawaambia watu wanyamaze wakae, bado kuna ramani mbili hazijauzwa.

Nyumbani hawakuzungumza lolote kuhusu hilo. Walikula, Baba akasifu mboga kwa mdomo, Mama akamwambia asichoshe koo, kama ana la kusema aandike. Akaandika. Sijui aliandika nini, nilitoka niwapishe.

Sasa Kaka, neno lisilopita kwenye spika ni hili. Baba ametukataza kukwambia kuwa anasema. Anataka akushtukize mwenyewe Jumapili kwenye simu, na amekuwa akijinoa mbele ya jogoo tangu jana. Mimi ningetunza siri, nimeshazoea. Lakini naijua tabia yako. Tangu aumwe umemzoea kwa kugonga: unamuuliza hujambo mzee, anagonga penseli kwenye simu, wewe unasema haya basi, unakata. Na mtandao wenu wa kambini ni wa mikwaruzo, na sauti yake ni ya mikwaruzo. Nimeogopa utadhani ni laini mbovu.

Wape wenzako salamu zangu, na uwaambie vitanzi viwili mbele, kimoja nyuma, uzi wa nta. Mama anakusalimu, anasema ule wali hata kama ni ukoko. Jogoo naye anakusalimu, ameshauzwa mara nyingi lakini bado tunaye. Mungu akuweke.

Na Jumapili umuulize hujambo kama kawaida yako. Atagonga kama kawaida yake. Usikate, Kaka. Subiri kidogo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Turubai.